Kuunganisha Vipande vya Sauti Bila Pengo: Rekodi za Fasihi Simulizi za Musoma, Bunda na Butiama Katika Kompyuta

1.0 Utangulizi

Fasihi simulizi huishi katika utendaji. Katika makala yake kuhusu tanzu za fasihi simulizi, yaliyochapishwa katika jarida la Mulika namba 21 mwaka 1989, M.M. Mulokozi aliitazama fasihi hiyo kuwa ni tukio linalomkutanisha fanani na hadhira mahali fulani na kwa wakati fulani. Mtazamo huo umezoeleka miongoni mwa wataalamu wa Kiswahili, lakini una tokeo moja ambalo aghalabu halitajwi. Ikiwa fasihi simulizi ni tukio, basi rekodi ya sauti iko karibu zaidi na tukio hilo kuliko andiko lolote, na kasoro yoyote inayoingia katika rekodi ni kasoro ya matini yenyewe.

Makala haya yanashughulikia kasoro moja ya namna hiyo, nayo ni pengo linalosikika pale ambapo utendaji mmoja umehifadhiwa katika vipande vingi vya sauti na vipande hivyo vikachezwa kwa mfululizo katika kompyuta. Yanaeleza chanzo cha pengo hilo, njia za kuliondoa, na mipaka ambayo mtafiti hana budi kuichunga anapoliondoa. Hoja inayotetewa ni kwamba kazi ya kuunganisha ni halali pale tu inapoondoa kimya kilichotiwa na mashine. Haina ruhusa ya kugusa kimya cha fanani, wala ya kuficha sehemu iliyopotea.

Mifano inahusu hasa wilaya za Musoma, Bunda na Butiama katika mkoa wa Mara. Eneo hilo linafaa kwa sababu mbili. Kwanza, ni eneo lenye lugha nyingi za Kibantu zinazokaribiana sana: Kijita, Kiruri na Kikwaya katika ufuko wa Ziwa Viktoria, Kizanaki na Kikabwa upande wa Butiama, na Kiikizu upande wa Bunda. D.P.B. Massamba alizilinganisha Kiruri, Kijita na Kikwaya katika tasnifu yake ya mwaka 1977, na tangu hapo imekuwa wazi kwamba mtafiti wa lugha hizi hushughulika na tofauti ndogo ndogo za sauti ambazo rekodi mbovu huweza kuzifuta. Pili, Butiama ndiko alikozaliwa Mwalimu Julius Nyerere mwaka 1922 na ndiko alikozikwa Oktoba 1999. Hotuba zake ni miongoni mwa rekodi ndefu za Kiswahili zinazosikilizwa zaidi, nazo zimewafikia wengi zikiwa vipande.

2.0 Asili ya Vipande

Kila chombo cha kuhifadhia sauti kimekuja na mpaka wake. Santuri ya inchi 10 iliyozunguka mara 78 kwa dakika ilichukua takriban dakika 3 kila upande, hivyo wimbo uliozidi hapo ulifupishwa au ukagawanywa. Kaseti ya dakika 60 huwa na dakika 30 kila upande, na ile ya dakika 90 huwa na dakika 45. Sahani ya CD huchukua dakika 74 hadi 80. Hata mtandao wa YouTube, kuanzia mwaka 2006, uliwawekea watumiaji wa kawaida kikomo cha dakika 10 kwa kila kipande, kikomo ambacho kiliongezwa kuwa dakika 15 mwaka 2010. Hotuba ndefu kama ile aliyoitoa Mwalimu Nyerere mjini Mbeya siku ya Mei Mosi mwaka 1995 isingeweza kupita katika mlango huo bila ya kukatwa.

Mbali na mipaka ya vyombo, watu nao hukata kwa hiari. Mtunzaji wa rekodi huona ni rahisi zaidi kuipata sehemu anayoitaka iwapo kila sehemu ina faili lake. Masimulizi ya ukoo yatagawanywa kwa vizazi. Wimbo wa litungu, lile zeze kubwa la nyuzi 8 la Wakurya, utagawanywa kila mada inapobadilika. Usomaji wa tenzi za Enjili alizozitunga Mwalimu Nyerere, ambazo zilichapishwa mwaka 1996, utagawanywa kwa sura. Mgawanyo huo una manufaa yake, nao si wa kulaumiwa. Tatizo huanza pale msikilizaji anapotaka kulisikia tukio zima kama lilivyokuwa, ndipo anapokuta kwamba kila mpaka wa faili umezaa mkwaruzo, kituo au kimya ambacho fanani hakukitia.

3.0 Aina Tatu za Pengo

Kabla ya kuunganisha chochote ni lazima kutofautisha mapengo ya aina tatu, maana kwa sikio yanaweza kufanana kabisa.

Aina ya kwanza ni kimya cha fanani. Msimuliaji hunyamaza ili hadhira iitikie, acheke nayo, au aipe nafasi ya kutafakari. Mhutubu naye huuliza swali kisha hungoja. Katika kughani utenzi, pumzi baina ya ubeti na ubeti ni sehemu ya mpangilio kama vilivyo vina na mizani. Kimya hiki ni sehemu ya matini.

Aina ya pili ni pengo la chombo. Kaseti inapofika mwisho wa upande wa kwanza, mtafiti huitoa, huigeuza na kubonyeza tena. Katika sekunde hizo utendaji haukusimama: fanani aliendelea kusema na hadhira iliendelea kuitikia, ila hakuna kilichonaswa. Pengo hili ni upotevu wa kweli.

Aina ya tatu ni pengo la faili. Hapa hakuna kilichopotea wala aliyenyamaza. Sauti ilikuwa nzima, ikakatwa mara mbili katika kompyuta, na kimya kikazaliwa katika ukataji, katika usimbaji au katika uchezaji. Hili ndilo pengo ambalo mtafiti ana haki, na kwa hakika ana wajibu, wa kuliondoa.

Makosa mengi yanayofanywa katika kazi hii hutokana na kuchanganya aina hizi tatu. Anayefuta vimya vyote kwa amri moja ya programu humharibia fanani utendaji wake, na anayebandika pande mbili za kaseti zikasikika kama upande mmoja huwadanganya wasomaji wa matini yake.

4.0 Jinsi Pengo la Faili Linavyotokea

4.1 Sampuli na Fremu

Kompyuta huhifadhi sauti kwa kupima kimo cha wimbi mara nyingi katika kila sekunde. Kila kipimo huitwa sampuli. Katika kiwango cha CD huchukuliwa sampuli 44,100 kwa sekunde kwa kila mkondo, na kila sampuli huandikwa kwa biti 16. Kwa mikondo miwili hiyo ni baiti 176,400 kwa sekunde, yaani zaidi kidogo ya megabaiti 10 kwa dakika. Faili la aina ya WAV huziorodhesha sampuli hizo moja baada ya nyingine, likitanguliwa na kichwa kifupi kinachotaja kiwango, idadi ya mikondo na urefu. Faili kama hilo halina sababu ya kuwa na kimya cha ziada: sampuli ya mwisho ya kipande cha kwanza inaweza kufuatwa mara moja na sampuli ya kwanza ya kipande cha pili.

Hali ni tofauti kwa mafaili ya MP3. Usimbaji huu, uliopitishwa kuwa kiwango cha kimataifa mwanzoni mwa miaka ya 1990, hupunguza ukubwa wa faili kwa kuacha sehemu za sauti ambazo sikio halizitambui kwa urahisi. Ili kufanya hivyo, hauziandiki sampuli moja moja, bali huzifunga katika mafungu ya sampuli 1,152 yaitwayo fremu. Katika kiwango cha sampuli 44,100 fremu moja huchukua takriban milisekunde 26. Hakuna nusu fremu. Kipande kisichogawanyika sawasawa kwa 1,152 hujazwa kimya mpaka fremu ya mwisho itimie. Zaidi ya hayo, hesabu za usimbaji zinahitaji muda wa kuanza. Programu ya LAME, kwa mfano, kwa kawaida huanza na sampuli 576 za kimya, na programu inayosimbua huongeza sampuli nyingine 529. Jumla yake ni sampuli 1,105, sawa na milisekunde 25, kabla ya neno la kwanza kusikika.

Mfano mmoja unatosha kuonyesha ukubwa wa jambo hili. Kipande cha sekunde 10 kina sampuli 441,000. Ukiongeza zile 576 za mwanzo unapata 441,576, ambazo zinahitaji angalau fremu 384. Fremu 384 ni sampuli 442,368. Kwa hiyo kipande kimerefuka kwa sampuli 1,368, au milisekunde 31, hata kabla ya kuhesabu ucheleweshaji wa usimbuaji. Kwa jumla, kila maungio ya mafaili ya MP3 yaliyochezwa bila uangalifu huweza kuwa na kimya kinachokaribia milisekunde 50.

4.2 Sahani na Kichezeshi

Sahani ya CD nayo ina kipimo chake. Kila sekunde hugawanywa katika sehemu 75, na kila sehemu hubeba sampuli 588. Kipande kikiishia katikati ya sehemu, kilichobaki hujazwa kimya, ambacho kinaweza kufikia sampuli 587, yaani milisekunde 13. Aidha, sahani inapoandikwa kipande kimoja kimoja, programu nyingi huacha sekunde 2 baina ya kipande na kipande. Kasoro hiyo huepukwa kwa kuandika sahani nzima kwa mkupuo mmoja na kwa kukata sauti katika idadi ya sampuli inayogawanyika kwa 588.

Chanzo cha mwisho ni programu inayocheza. Baadhi ya programu hulimaliza faili la kwanza, hulifunga, kisha ndipo hulitafuta la pili. Muda huo wa kutafuta husikika kama kituo. Programu iliyotengenezwa vizuri hulifungua faili la pili kabla la kwanza halijaisha na kuzimimina sampuli za yote mawili katika mfereji mmoja. Programu hiyo pia huweza kusoma alama ambayo LAME huiandika mwanzoni mwa faili, ikitaja idadi ya sampuli za ziada mwanzoni na mwishoni, kisha ikazitupa. Mafaili ya FLAC na ya Vorbis hutunza urefu halisi wa sauti, kwa hiyo hayahitaji ukarabati huo. Basi, pengo likisikika katika mafaili ya WAV au FLAC yaliyokatwa vizuri, ni kichezeshi kinachopasa kushukiwa kwanza.

4.3 Uzito wa Milisekunde 50

Huenda msomaji akauliza iwapo kimya kifupi namna hiyo kina uzito wowote katika taaluma. Kina uzito wa namna mbili.

Kwanza ni mapigo. Ubeti wa utenzi una vipande vya mizani 8. Ikichukuliwa kwamba mghani hutamka mizani 5 kwa sekunde, kila mizani huchukua milisekunde 200. Kimya cha milisekunde 50 ni robo nzima ya mizani. Sikio lililozoea mapigo husikia kwamba mghani amejikwaa, ilhali hakujikwaa. Katika muziki wa litungu, ambamo vidole hufuatana kwa kasi zaidi, athari hiyo ni kubwa zaidi.

Pili ni unukuzi. Watafiti wengi siku hizi hunukuu kwa programu kama ELAN, ambayo hufunga kila usemi na wakati wake katika rekodi. Masimulizi yaliyohifadhiwa katika vipande 40 yana maungio 39. Iwapo kila maungio yataongeza milisekunde 50, mwisho wa masimulizi utakuwa umechelewa kwa sekunde 1.95. Katika muda huo msimuliaji huweza kuwa ametamka sentensi nzima. Matini iliyonukuliwa kwa kufuata rekodi ya asili haitaoana tena na rekodi iliyounganishwa, na atakayekuja baadaye hatajua ni ipi ya kuaminiwa.

5.0 Utaratibu wa Kuunganisha

Utaratibu ufuatao hauhitaji mitambo ya gharama. Programu zilizotajwa humu zinapatikana bure, na mwanafunzi aliyeko Musoma au Bunda anaweza kuzitumia katika kompyuta ya kawaida.

Hatua ya kwanza ni kuanzia kwenye nakala ya asili. Uunganishaji ufanywe kwa mafaili ya WAV au FLAC, kamwe usifanywe kwa MP3 ikiwa asili ingalipo. Kuyafungua mafaili ya MP3, kuyaunganisha na kuyasimba upya ni kuipitisha sauti katika chujio lilelile mara mbili. Kuyabandika bila kuyafungua ni kukiacha kimya cha kila kipande ndani ya faili jipya, na mara nyingine ni kuharibu fremu za kwanza za kipande kinachofuata, kwa kuwa fremu za MP3 huazimana nafasi.

Hatua ya pili ni kuhakikisha kwamba vipande vyote vina kiwango kimoja cha sampuli, biti sawa na mikondo sawa. Sauti iliyonaswa kwa sampuli 48,000 ikichezwa kana kwamba ni ya 44,100 hurefuka kwa takriban asilimia 9 na kushuka kwa karibu nusu toni moja na nusu ya muziki. Penye tofauti, vipande vyote vibadilishwe kwanza viwe katika kiwango kimoja.

Hatua ya tatu ni kupanga majina. Baadhi ya programu hupanga mafaili kwa herufi, hivyo kipande cha 10 hutangulia kipande cha 2. Majina yaandikwe 01, 02, 03 na kuendelea. Kosa la mpangilio ni baya kuliko kosa la kimya, kwa sababu katika masimulizi ya ukoo huweza kumtanguliza mjukuu mbele ya babu.

Hatua ya nne ni kuunganisha kwenyewe. Programu ya SoX hufanya kazi hiyo kwa amri moja inayotaja vipande kwa mpangilio na kisha jina la faili jipya. Audacity, iliyotolewa kwa mara ya kwanza mwaka 2000, huonyesha mawimbi kwenye kioo na kumwezesha mtumiaji kuvipanga vipande kwa jicho. Kwa wanaisimu, hata hivyo, inayofaa zaidi ni Praat, ambayo wengi wao wanayo tayari kwa ajili ya uchunguzi wa fonetiki. Programu hiyo ina amri ya kuunganisha inayounda vitu viwili kwa pamoja: sauti iliyounganishwa, na ukanda wa maandishi unaoonyesha kila kipande kilianzia wapi na kuishia wapi. Kwa njia hiyo maungio hayasikiki kwa msikilizaji, lakini yanaonekana kwa mchunguzi. Ikumbukwe tu kwamba amri ya kawaida ya Praat ya kuhifadhi WAV huandika biti 16. Mwenye rekodi ya biti 24 achague amri yake maalumu.

Kuna njia moja ambayo haifai, nayo ni kubandika baiti za faili moja nyuma ya nyingine. Kichwa cha faili la pili, ambacho kwa kawaida ni baiti 44, hugeuka kuwa sampuli 11 za kelele katikati ya sauti, na kichwa cha kwanza huendelea kutaja urefu wa zamani, hivyo programu nyingi zitacheza kipande cha kwanza pekee.

Hatua ya tano ni kuhakiki. Hesabu ni nyepesi: jumla ya sampuli za vipande sharti ilingane na idadi ya sampuli za faili lililounganishwa, bila kuzidi wala kupungua hata moja. Baada ya hesabu, kila maungio yasikilizwe kwa vipokea sauti vya masikioni, sekunde chache kabla na sekunde chache baada. Mlio mfupi kama wa kuvunjika kwa kijiti huonyesha kwamba kimo cha wimbi kimeruka ghafla. Ikiwa vipande vilikatwa kutoka katika sauti moja, mruko huo ni dalili kwamba sampuli kadhaa zimepotea au zimerudiwa, na dawa yake ni kurudi kwenye nakala ya asili, si kuupaka rangi.

Hatua ya sita ni kuhifadhi. Miongozo ya chama cha kimataifa cha hifadhi za sauti, IASA, hupendekeza nakala za kuhifadhiwa ziwe za biti 24 na sampuli zisizopungua 48,000. Kwa sampuli 96,000, biti 24 na mikondo miwili, sauti huchukua megabaiti 34.56 kwa dakika, na faili la WAV la kawaida, ambalo haliwezi kuzidi gigabaiti 4, hujaa baada ya saa 2 na dakika 4 hivi. Shughuli iliyochukua usiku kucha haitaingia katika faili moja la namna hiyo. Hapo ni bora kuacha vipande na kutumia kichezeshi kisichotia pengo, au kutumia muundo wa WAV uliopanuliwa. Kwa hali yoyote vipande vya asili visifutwe.

6.0 Pande Mbili za Kaseti

Yaliyoelezwa hadi hapa yanahusu sauti iliyokuwa nzima. Suala gumu zaidi ni la rekodi ambazo hazikuwahi kuwa nzima. Kwa miaka mingi kaseti ndiyo iliyokuwa daftari la sauti la mtafiti wa fasihi simulizi, na shughuli za Mara, kama za kwingineko, hazikupimwa kwa dakika 30 au 45.

Ikiwa mtafiti alitumia vinasa sauti viwili na akakianzisha cha pili kabla ya cha kwanza kuisha, pana maneno yaliyonaswa mara mbili. Hapo kuunganisha ni halali. Hutafutwa konsonanti yenye mpasuko ulio wazi iliyomo katika rekodi zote mbili, kisha sauti ya kwanza hufifishwa huku ya pili ikikuzwa kwa milisekunde 10 au 20. Ikiwa sauti mbili zinafanana kabisa, ufifishaji wa mstari ulionyooka hutosha. Zikiwa na mivumo tofauti, ufifishaji huo hushusha nguvu ya sauti katikati kwa desibeli 3, kwa hiyo hutumiwa mkunjo unaotunza nguvu ya jumla.

Ikiwa hapakuwa na kinasa sauti cha pili, pana maneno ambayo hayamo popote. Mtu anaweza kuzibandika pande mbili kwa ustadi hata pasisikike kitu, lakini matokeo yake ni usemi ambao fanani hakuusema. Nusu ya sentensi ya kwanza itashikana na nusu ya sentensi nyingine, na kizazi kimoja cha ukoo huweza kutoweka bila alama. Mhariri wa hati za kale hawezi kuziba tundu la mchwa kwa maneno yake, na mhariri wa sauti hana idhini zaidi ya hiyo. Katika hali hii kimya kiachwe kisikike, kiwe na urefu uliotajwa katika maelezo, na katika matini iliyonukuliwa paandikwe wazi kwamba kaseti iligeuzwa hapo.

Kaseti huleta pia suala la kasi. Tepu ya kaseti hupaswa kwenda sentimita 4.76 kwa sekunde. Betri zilizochoka huipunguza kasi hiyo wakati wa kurekodi, na rekodi hiyo ikichezwa baadaye kwa kasi sahihi sauti hupanda. Upungufu wa asilimia 3 huipandisha sauti kwa karibu nusu ya nusu toni ya muziki. Kwa mwanafasihi hilo huenda likaonekana dogo, lakini lugha za Mara ni lugha za toni. Kijita, ambacho toni yake ilichambuliwa kwa kina na Laura Downing katika kitabu kilichochapishwa mwaka 1996, hutofautisha mashina ya vitenzi yenye toni juu na yasiyo nayo. Toni hupimwa kwa uhusiano wa juu na chini ndani ya usemi, hivyo kipande kizima kikipanda kidogo hakidhuriki. Madhara hutokea kwenye maungio. Upande wa kwanza ulioishia na betri zilizochoka ukifuatwa bila pengo na upande wa pili ulioanza na betri mpya, mchunguzi ataona mshuko wa ghafla wa sauti katikati ya usemi na kuuhesabu kuwa ni jambo la sarufi. Maungio yaliyofichwa yamezaa kanuni ya toni isiyokuwapo. Maungio yaliyoonyeshwa yangemwonya.

7.0 Hitimisho

Makala haya yameonyesha kwamba pengo linalosikika baina ya vipande vya sauti katika kompyuta lina vyanzo vinavyojulikana: fremu zinazojazwa kimya, ucheleweshaji wa usimbaji, vipimo vya sahani na programu za kucheza zisizojiandaa. Vyanzo hivyo vyote vinaondoleka kwa kuanzia kwenye nakala ya asili, kulinganisha viwango, kuunganisha kwa programu inayohesabu sampuli, na kuhakiki. Ugumu wa kazi hii umo katika kuamua ni kimya cha nani kinachoondolewa.

Uamuzi huo hauwezi kuachiwa fundi wa mitambo, kwa sababu unahitaji kuijua lugha, utanzu na desturi ya utendaji. Ni msikilizaji wa Kizanaki anayeweza kusema kwamba kituo fulani katika masimulizi ya Butiama ni cha msimuliaji anayengoja kuitikiwa. Kompyuta huona mstari ulionyooka tu. Kwa hiyo inafaa mafunzo ya utafiti wa fasihi simulizi na isimu yajumuishe uhariri wa sauti, kama yanavyojumuisha unukuzi na tafsiri. Inafaa pia kila rekodi iliyounganishwa iambatane na orodha ya maungio yake, ikitaja wakati, aina ya pengo na kilichofanywa. Rekodi yenye orodha hiyo huweza kusikilizwa kama tukio zima na wakati huohuo kuchunguzwa kama ushahidi. Isiyo nayo hupendeza masikioni, lakini mtafiti atakayeinukuu hatakuwa na njia ya kujua kama sentensi aliyoisikia ilisemwa na fanani au ilitengenezwa na mkasi.